Fedha za Mtoto: Hesabu Miaka Kwanza

Mtoto akizaliwa, ndugu hutunza, bibi hutoa chake, na wazazi huahidiana kuweka kitu kidogo kila mwezi. Kisha huanza kuulizana waende benki gani. Kabla ya hapo waulizane jambo jingine: fedha hizi zitatumika mwaka gani?

Hapa Tanzania hesabu hiyo haina ugumu. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha sita, hivyo familia nyingi zinaweza kulenga chuo, yaani miaka 18 hivi tangu mtoto azaliwe. Katika muda huo bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, kitu cha shilingi milioni 1 leo kitauzwa kama milioni 2.4.

Tuchukue mzazi anayeweka shilingi 20,000 kila mwezi kwa miaka hiyo 18. Jumla atatoa shilingi 4,320,000. Zikikaa kwenye akaunti yenye riba ya asilimia 2 kwa mwaka, atakuta takriban milioni 5.2. Zikizaa asilimia 10, na faida ikaachwa nayo izae, atakuta takriban milioni 12.

Akaunti ya mtoto ya benki ina kazi yake hata hivyo. Inafaa kwa fedha zitakazotakiwa ndani ya mwaka mmodi hadi mitatu: ada ya chekechea, sare, matibabu. Unazipata siku unayozitaka, na benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5. Kwa safari ya miaka 18, riba yake ni ndogo mno.

Kwa muda mrefu wengi hukimbilia hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Zipo za miaka 20 na hata 25, kianzio ni shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hapo ndipo penye mtego. Hati ya milioni 1 yenye riba ya asilimia 12 itakuingizia shilingi 60,000 kila nusu mwaka, moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki. Ukizila, baada ya miaka 20 utarudishiwa milioni 1 ileile, ambayo, bei zikiwa zimepanda kwa asilimia 5 kila mwaka, itanunua vitu vya chini ya shilingi 400,000 za leo. Anayenunua hati kwa ajili ya mtoto apange mapema riba iende wapi.

Asiye na milioni kwa mkupuo anaweza kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kampuni ya UTT AMIS, mojawapo ya waendeshaji wa mifuko hiyo, ina Mfuko wa Watoto tangu 2008, nao hugawa fedha kati ya hisa na hati fungani. Faida hubaki ndani ya mfuko, na thamani ya kipande hubadilika kadiri mali za mfuko zinavyopanda au kushuka. Hakuna anayekuhakikishia kiwango cha faida. Ndiyo maana fedha za ada ya Januari ijayo si za kuwekwa huko.

Kuna suala la jina pia. Fedha zilizo kwa jina lako, ukifariki, huingia kwenye mirathi pamoja na mali zako nyingine na kugawiwa warithi wote, hata kama moyoni ulizitenga kwa mtoto mmoja. Ukitaka ziwe zake, fungua akaunti kwa jina lake, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa, wewe ukiwa msimamizi. Mwambie na mwenzako zilipo.

Mpango nao usiachwe ukajiendea. Mtoto akiingia kidato cha nne, imebaki zaidi ya miaka mitatu kufika chuo. Anza kuuza vipande vyenye hisa kidogo kidogo na kuhamishia fedha kwenye mfuko wa ukwasi, usiowekeza kwenye hisa, au amana ya muda maalumu. Soko la hisa likishuka mwaka anaoingia chuo, utakuwa umeshaiondoa huko ada ya mwaka wa kwanza.