Je, Wajua? Kanuni zinazojivunja zenyewe

Mwaka 1979 William Safire, aliyewahi kumwandikia hotuba Rais Nixon wa Marekani, alianza safu ya lugha katika gazeti la New York Times. Mwaka huohuo aliwaomba wasomaji wamtumie kanuni za sarufi za aina ya pekee: kila kanuni iwe na kosa lilelile inalolikataza. Barua zilimiminika, na mwaka 1990 kanuni hizo zikawa kitabu. Wanasayansi nao walikuwa wamekwisha kuuonja utani huo, kwani miezi michache kabla ya Safire, George Trigg, mhariri wa jarida la fizikia Physical Review Letters, alikuwa amechapisha orodha yake.

Kiswahili kinaumudu mchezo huu vizuri sana, na ngeli ndizo zinazoukoleza. Tazama hizi tulizojitungia:

Kitenzi lazima ikubaliane na nomino yake.

Majina ya miji, kama dodoma na mombasa, huanza kwa herufi kubwa.

Usichanganye r na l. Ni kosa linalokela.

Ni aibu kudondosha h, apa na kwingineko.

Kabla ya kupeleka makala kwa mhariri, hakikisha hujasahau.

Utamu wake ni kwamba hakuna anayekusahihisha. Jicho lako lenyewe hukwama kwenye kosa, unacheka, na kanuni imekwisha kuingia kichwani. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaachia wanafunzi wajitungie za kwao, maana huwezi kuvunja kanuni kwa makusudi bila kuijua.