"Ulisema!" "Sikusema!": Kumbukumbu Inapoingia Kwenye Ndoa

Ni ugomvi gani unaojirudia nyumbani kwako? Kama mko kama wanandoa wengi ninaowafahamu, basi ni ule wa nani alisema nini. Huyu anaapa, yule anaapa, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Kumbe inawezekana kabisa hakuna anayedanganya.

Chukua mfano wa rafiki yangu, mzaliwa wa Ngara, aliyeolewa na kijana wa Biharamulo. Wilaya jirani, zote za Kagera, lakini likija suala la kujenga zinakuwa mbali kweli kweli. Bibie anakumbuka walikubaliana kujenga Ngara, karibu na mama yake. Bwana anakumbuka Biharamulo. "Mama watoto, si ulikubali mwenyewe?" "Mimi? Lini, baba?" Akiba ikalala benki, maneno yakafika kwa wazee, ndoa ikaanza kuyumba.

Kilichowaokoa ni shule. Bibie alikuwa akisomea saikolojia chuo kikuu, na muhula ule wakaingia kwenye mada ya utambuzi, yaani jinsi akili inavyopokea habari, inavyozihifadhi na kuzitumia. Mimi niliionja kidogo mada hiyo nikisoma shahada ya mawasiliano, na hadi leo naitumia kazini na nyumbani.

Akili si kaseti

Wengi tunadhani kumbukumbu ni kama kaseti: unarudisha nyuma, unasikiliza. Sivyo. Kila unapokumbuka, akili inalijenga tukio upya, na vifaa inaokota popote. Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha utafiti ambao wanafunzi walionyeshwa filamu fupi ya ajali. Kundi la watu 50 liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana", jingine la 50 "yalipogongana". Wiki moja baadaye wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Vioo vyenyewe havikuwepo! Lakini kundi la neno kali, 16 walisema waliviona. Kundi la neno la kawaida, 7 tu.

Sasa jiulize, "Si uliniahidi?" inapandikiza nini kichwani mwa mwenzako, na mwako pia?

Hata makubwa yanateleza

Utasema, bwana wee, mambo makubwa hayasahauliki. Watu wa Ngara wanalo lao: mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 kutoka Rwanda waliingia kupitia daraja la Rusumo, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Rafiki yangu alikuwa mtoto. Yeye na kaka yake wanaisimulia siku hiyo kwa uhakika mkubwa, ila hawapatani nani aliwaletea habari.

Wala si wao tu. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi kesho yake jinsi walivyozipata habari zile. Baada ya takriban miaka miwili na nusu waliwauliza tena 44 kati yao. Kumi na mmoja walikosea kila jambo la msingi, na wengi walikuwa wakijiamini vilevile.

Tuelewane: tukio lilitokea, halina ubishi. Kinachoteleza ni saa, mahali, nani alisema nini. Na ugomvi wa ndoa unaishi humo humo.

Fanyeni hivi

Kwanza, kila mtu aandike anachokumbuka peke yake kabla ya kusikia cha mwenzake. Kumbukumbu huambukizana.

Pili, uliza swali lililo wazi: "Unakumbuka tulikubaliana nini?" Usimtie maneno mdomoni.

Tatu, makubaliano ya pesa, kiwanja au ada yaandikwe siku hiyo hiyo, hata kwa meseji ya simu.

Nne, usipime ukweli kwa sauti. Kujiamini si ushahidi.

Wale wawili walipoandika, karatasi zote mbili zilikuwa na sentensi moja: "Tukajenge nyumbani." Nyumbani! Kila mmoja alilisikia neno hilo kwa masikio ya kwao, na miaka ikapita kila mtu akichora ramani yake. Hapo wakaacha kesi ya nani alisema nini, wakaanza swali lililokuwa na maana: leo hii, sisi wawili, tunataka kuishi wapi?

Kiwanja wameshanunua. Na safari hii, jina la kijiji limeandikwa.