Kwa ndege, Nairobi iko karibu na Dar kuliko Mwanza

Chukua ramani na rula. Pima kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka, utapata kilomita zipatazo 665. Kisha pima kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza: zinakaribia 850. Abiria wa Mwanza, ambaye havuki mpaka wowote, anaruka mbali zaidi kuliko yule anayekwenda nchi jirani.

Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingemaliza safari ya Nairobi kwa dakika 50. Ratiba huandika saa moja na robo au zaidi, na hapo hakuna udanganyifu. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na kungoja zamu ya kuruka na kuzunguka kutafuta njia ya kutua. Ndege za pangaboi huchelewa zaidi. (Ukienda Nairobi, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Anga ikiwa safi, utauona Kilimanjaro.)

Kwa barabara mambo ni mengine. Basi hupita Chalinze, Segera, Same, Moshi na Arusha, likavuka Namanga, karibu kilomita 900. Anayeondoka alfajiri huwasili usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimepunguza foleni kwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, lakini hakiwezi kufupisha barabara.

Basi, mbona wengi bado wanapanda basi? Jibu liko kwenye tiketi. Safari ya Mwanza ni ya ndani, ya Nairobi ni ya kimataifa, na tozo za uwanja kwa safari ya kimataifa ni kubwa zaidi. Abiria hufika uwanjani saa mbili au tatu kabla, hupanga foleni ya uhamiaji mara mbili, na saa moja ya angani hugeuka nusu siku. Wazo la kuzihesabu safari za ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa safari za nyumbani limezungumzwa kwa miaka mingi. Mwenye duka Kariakoo anayefuata bidhaa Nairobi hajaona faida yake.

Tena anga hili lina historia ya kununa. East African Airways, shirika la pamoja lililoanza mwaka 1946, lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza. Mpaka ukafungwa hadi 1983. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuikatalia Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo. Mzozo ulimalizwa ndani ya siku chache, kabla zuio halijaanza, ila wenye tiketi walikwisha kushikwa na wasiwasi.

Tangu 2014 Mkenya anaingia Kampala na Kigali kwa kitambulisho chake cha taifa. Akitua Dar es Salaam anadaiwa pasipoti au hati ya safari, na Mtanzania anayetua Nairobi vivyo hivyo.