Unga mweupe kwenye muhogo si ukungu, ni ndugu wa kunguni

Mafiga, kama mitaa mingine ya Morogoro, mihogo michache nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida. Hapo ndipo kinapochumwa kisamvu cha jioni. Kiangazi kikikolea, ncha za mihogo hujikunja, majani yanasongamana kama ngumi, na chini yake kunatokea unga mweupe. Mtu akiona hivyo anawaza ukungu, anakwenda dukani kununua dawa ya ukungu.

Dawa hiyo haimgusi. Huyo ni mdudu: kidung'ata wa muhogo, kitaalamu Phenacoccus manihoti.

Yumo kwenye kundi moja na kunguni wa kitandani. Wote wana mdomo kama sindano. Kunguni anachoma ngozi, kidung'ata anachoma jani na kufyonza utomvu. Pingili za shina zinafupika, majani yanapukutika, na hali ikiwa mbaya mavuno ya mizizi hupungua hadi asilimia 80.

Mtazame kwa kamera ya simu, vuta picha karibu. Ana milimita mbili au tatu, mwili wa pinki chini ya unga wa nta. Ukikuta wa njano, hasa kama mpapai wa jirani nao una unga, huenda ni kidung'ata wa papai, ambaye anakula muhogo pia. Huyo ukimtia kwenye spiriti hugeuka bluu iliyokolea kama nyeusi.

Kwa nini kuhangaika na jina? Kwa sababu jina liliwahi kuchelewesha tiba ya bara zima.

Kidung'ata huyu alionekana Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kongo, na mwaka 1977 akapewa jina la kisayansi. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini, hivyo wataalamu walikwenda huko kutafuta adui zake. Wakampata mdudu anayefanana naye sana, lakini adui zake hawakufaa. Kumbe ni spishi nyingine! Ile ina madume. Huyu wa Afrika ni majike matupu, wanazaa bila dume. Mwenyewe alipatikana Paraguay mwaka 1981.

Huko alikuwa na adui yake, nyigu mdogo sana aitwaye Anagyrus lopezi, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Mwaka huohuo nyigu hao waliachiliwa Nigeria, kisha wakasambazwa nchi nyingi za Afrika. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa hiyo ukiona vidung'ata waliokauka, wagumu na wa kahawia, usipige dawa yoyote. Nyigu yuko kazini, na sumu ya wadudu itamuua yeye kwanza. Isitoshe, majani hayo unayala.

Kata ncha zilizojikunja, zichome moto. Sisimizi wakipanda shinani wazuie, maana wanamlinda kidung'ata ili walambe majimaji yake matamu. Na jirani akikuomba mbegu, usimpe vijiti vya shina lenye unga. Mdudu huyu husafiri hivyo, kutoka uani kwako hadi kwake. Bado una shaka? Mpelekee afisa ugani wa kata picha na ncha moja, ndani ya mfuko uliofungwa.