Pengo tupu katika fomu za mtandaoni hutoka wapi?

Mkazi wa Nakivale, mojawapo ya makazi kongwe ya wakimbizi barani Afrika, anapofungua kwa simu fomu ya kuomba nafasi ya masomo, huenda akajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akakuta weupe mtupu hadi ukingo wa kioo. Si ajabu akadhani fomu imekwisha, akaifunga, ilhali kitufe cha kutuma kiko chini zaidi. Ombi haliendi popote, naye hubaki akisubiri jibu.

Mara nyingi chanzo ni sehemu fiche. Hizi mjazaji hazioni. Hubeba taarifa kama vile lugha ya ukurasa, au namba ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetumwa kutoka tovuti husika. Zenyewe hazichukui nafasi hata chembe. Tatizo ni kasha. Programu nyingi za kutengenezea fomu huweka kila sehemu ndani ya kasha lenye nafasi yake juu na chini, na sehemu ikifichwa, kasha husalia. Makasha matano yenye pikseli 40 kila moja ni pikseli 200, karibu theluthi ya kioo chenye urefu wa pikseli 640.

Fundi wa tovuti, awe Mbarara au makazini kwenyewe, hana budi kulificha kasha lenyewe. Amri ya «display: none» huliondoa katika mpangilio, na taarifa iliyomo huendelea kutumwa. Amri ya «visibility: hidden» haifai, kwani huficha sura na kuacha nafasi. Kuifuta kabisa sehemu fiche ni hatari zaidi: fomu itapendeza macho, lakini seva inaweza kuikataa.

Ipo pia mbinu mpya ya «:has()», inayolitambua kasha la namna hiyo bila kutajiwa. Hata hivyo, Firefox ilianza kuikubali Desemba 2023, na simu za zamani haziielewi. Ni salama zaidi kulipa kasha jina na kulificha kwa jina hilo.

Fomu iliyopachikwa kutoka tovuti nyingine ina mkasa wake. Mwenye ukurasa hawezi kugusa yaliyomo; marekebisho hufanywa na mwenye fomu. Anachoweza kupunguza ni urefu wa dirisha, iwapo aliweka pikseli 1,200 kwa fomu inayohitaji 800.

Kwa mjazaji, telezesha ukurasa hadi chini kabisa. Fomu haijatumwa mpaka ujumbe wa kuthibitisha uonekane.