Nyayo za Laetoli na Pete Niliyoikataa Karatu

Umewahi kulia ndani ya treni mpaka abiria wa pembeni anakupa karatasi laini bila kuuliza neno? Yalinikuta Agosti 2019 huko Ujerumani, kati ya Stuttgart na Tübingen, nikienda kuanza shahada ya pili. Nje jua la kiangazi, mashamba ya ngano yameshavunwa, na mimi mawazo yote yako Karatu.

Jana yake mchumba wangu alinisindikiza uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Tuliteremka ule mlima kwenda Mto wa Mbu, Ziwa Manyara liko chini yetu, hatusemeshani. Usiku uliotangulia alinitolea pete, anataka tufunge ndoa kwanza ndipo niondoke. Nikamwambia asubiri, ni miaka miwili tu.

“Miwili tu?” akaniuliza. Pete akairudisha mfukoni.

Yeye ni dereva wa watalii. Tulikutana makumbusho ya Oldupai, ndani ya Ngorongoro, mimi nikiwa mwanafunzi wa akiolojia. Alikuwa anawaonyesha wageni nakala ya nyayo za Laetoli, zile zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978. Zina umri wa miaka kama milioni 3.6. Zenyewe zilifukiwa tena zisiharibike.

“Huyu mume, huyu mkewe,” akawaambia.

Nikamkatiza mbele ya wageni wake! (Ndivyo nilivyo, nisameheni.) Hakuna ajuaye kama walikuwa wapenzi. Tunachojua ni kwamba walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, wakielekea upande mmoja, na kwamba mmoja alikuwa anakanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Italia wakatangaza nyayo za wengine wawili jirani na hapo, mmoja mrefu kuliko wote, nao wanaelekea upande uleule kwa mwendo unaokaribiana.

Kwenye treni kilichonikaa kichwani ni yule wa kukanyaga alipokanyaga mwenzake. Kusema kweli, hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Nimeona wasichana wangapi wenye akili wakivishwa pete, halafu safari ya masomo inaahirishwa mwaka hadi mwaka? Lakini huyu hakuniambia nisiende. Aliogopa kuachwa, basi, nami nikamjibu kama msimamizi wa mtihani.

Nikatoa simu, nikamwandikia: “Nisamehe kwa nilivyokujibu. Sikukataa wewe.”

Kimya. Vituo viwili vikapita. Halafu: “Kesho nina wageni wa Oldupai. Niwaambie nini kuhusu wale wawili?”

“Waambie hatujui,” nikaandika. “Pete umeiweka wapi?”

Treni ilikuwa inapunguza mwendo kuingia Tübingen, watu wanashusha mabegi, jibu likaingia:

“Ipo ndani ya gari, pamoja na darubini. Soma kwanza.”