Jina Lako Limo Daftari la Nani? Barua ya Daktari Iliyotutisha Toronto

Barua ilifika siku ya Alhamisi, imechanganyika na matangazo ya piza. Mzee wangu akaifungua, akaisoma mara mbili, kisha akanipa mimi. "Mama Nasra, hebu soma wewe. Mie naona kama tumefukuzwa."

Ilitoka ofisi ya daktari wetu wa familia. Ilisema, kwa adabu kabisa, kwamba Mzee ameonekana mara tatu kwenye kliniki ya nje, zile za kuingia bila miadi, na akiendelea hivyo jina lake litatolewa kwenye orodha ya wagonjwa wa ofisi. Hayo yalikuwa mwaka 2024, majani ya miti yakianza kupukutika hapa Don Mills. Mzee ana sukari na presha. Kosa lake lilikuwa kikohozi kilichomshika Ijumaa jioni, kikaenda kikarudi, na kliniki hiyo iko jirani na tunapopandia basi.

Nilipomsimulia shemeji yangu wa Maskati kwa simu, alicheka. "Kwani daktari wenu ana wivu?" Na mie nikacheka, lakini usiku usingizi haukunijia. Mwaka huo Chuo cha Madaktari wa Familia cha Ontario kilikuwa kinasema watu milioni 2.5 wa jimbo hili hawana daktari wa familia. Na huku, bila daktari huyo, mlango wa bingwa wa moyo au wa figo ni mgumu kufunguka, kwa sababu yeye ndiye anayeandika barua ya kukupeleka.

Nimefundisha hesabu miaka mingi katika sekondari ya misheni kule Mombasa, na jambo moja nalijua vizuri: daftari la majina. Mtoto asiyekuwamo daftarini hata akikaa darasani mwaka mzima, kwa wenye ofisi hayupo. Basi na hapa ni vivyo hivyo. Tulipoanza kwa daktari huyu tulitia saini fomu moja. Hatukuisoma. Ndiyo fomu iliyotuingiza daftarini.

Tukaomba miadi, tukaenda wote wawili. Daktari hakuwa mkali. Alitueleza hesabu yake, nami hesabu naipenda.

Ontario ina mifumo kadhaa ya kuwalipa madaktari wa familia. Wa zamani ni kulipwa kwa kila mgonjwa aliyeingia chumbani. Mwengine, ulioenea tangu miaka ya 2000, unamlipa daktari kiasi maalumu kwa mwaka kwa kila jina lililomo orodhani, kwa kufuata umri na jinsia, aje asije. Juu yake kulikuwa na bakhshishi kwa daktari ambaye watu wake hawatangitangi. Mgonjwa akienda kwa daktari mwengine wa familia nje ya kundi, gharama ile ilikatwa kwenye bakhshishi. Ajabu ni kwamba akienda chumba cha dharura cha hospitali, au kwa daktari bingwa, hakikatwi kitu. Kikohozi cha Mzee, kwa mtindo huo, kingekaa saa sita hospitali na daktari asipate hasara yoyote.

"Sikuutunga mimi mpango huu," alisema. Akatuonyesha rundo la karatasi: matokeo ya maabara, fomu za bima, barua za faksi. Chuo chao hicho kimekadiria kwamba daktari wa familia hutumia kiasi cha saa 19 kwa wiki kwenye makaratasi. Vijana wanaomaliza udaktari wanaliona rundo hilo, wanachagua kazi nyengine.

Serikali ya jimbo imeanza kubadilisha mambo. Tangu Januari 2023 wafamasia wanaruhusiwa kuandika dawa za maradhi madogo 13, na Oktoba mwaka huo yakafika 19. Mwaka huo huo ikaahidi kuziondoa faksi ndani ya miaka mitano. Oktoba 2024 waajiri wakakatazwa kudai cheti cha daktari kwa zile siku tatu za ugonjwa zilizomo kwenye sheria ya kazi. Mwezi huo huo akatangazwa Dkt. Jane Philpott, aliyewahi kuwa waziri wa afya wa Kanada, aongoze kazi ya kumpatia kila mkaazi daktari au timu ya afya ndani ya miaka mitano. Januari 2025 zikaahidiwa dola bilioni 1.8, na mwaka huo huo ikapita sheria ya huduma ya msingi.

Ni hatua njema, nazipokea. Lakini mwalimu hapimi shule kwa ahadi ya kujenga madarasa. Anauliza mwalimu wa kuingia humo yuko wapi. Daktari wetu mwenyewe ana mvi kumshinda Mzee, na mwenye kumrithi hajaonekana.

Naandika haya kwa ajili yenu mlioko Ghuba, maana wengi mna kijana anayesoma huku au binti aliyeolewa huku. Yashikeni haya.

Kwanza, mzazi anayekuja kwa ile viza ndefu ya wazazi hana bima ya jimbo. Lazima aje na bima ya kununua, isiyopungua dola 100,000, ya mwaka mzima. Mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka nje naye ana bima yake ya chuo, si ya jimbo.

Pili, anayehamia kuishi, aombe kadi ya afya mara tu anapofika. Ule muda wa kungoja miezi mitatu uliondolewa Machi 2020. Akishapata kadi, na ajiandikishe siku hiyo hiyo kwenye foleni ya serikali ya kutafutiwa daktari, inayoitwa Health Care Connect.

Tatu, fomu ya daktari isomeni kabla ya saini. Muulizeni: nikienda kliniki ya nje, itakuwaje? Masharti hubadilika kila serikali na chama cha madaktari wanapoandikiana mkataba mpya. Muulizeni pia kundi lake linafungua jioni zipi na Jumamosi ipi. Sisi tulikaa miaka hatujui kwamba zipo.

Nne, usiku mkihangaika, pigeni 811. Nesi atapokea, bure, saa zote. Kwa maradhi madogo mwendeeni mfamasia.

Jina la Mzee halikutolewa. Daktari alitaka ahadi tu, na ahadi akapewa. Ile ratiba ya jioni sasa nimeibandika kwenye mlango wa friji, kwa herufi kubwa kama za ubaoni.

Juzi kikohozi kilirudi. Mzee akavaa koti, akafika mlangoni, akasita. Kisha akarudi jikoni, akavaa miwani, akaisogelea friji.

"Mama Nasra, leo Jumanne, sivyo? Wako mpaka saa mbili usiku. Niitie simu."